Kutunga jina la chapa: kuanzia karatasi tupu hadi BRELA

Watunga majina wanaolipwa kwa kazi hiyo hawaanzi na majina. Wanaanza na ukurasa mmoja: kinachouzwa ni nini, mnunuzi ni nani, washindani wanaitwaje, na biashara inataka kufika wapi miaka kumi ijayo. Mwenye biashara ausaini. Bila ukurasa huo, kila jina litakalokuja mezani litakufa kwa "mimi sijalipenda tu", na hoja hiyo haina jibu.

Tuseme mteja anasindika mtindi Iringa, anataka kuuza Dar es Salaam na baadaye Mombasa. Andika kwanza majina ya mtindi yote yaliyomo kwenye mafriji ya maduka. Neno linalojirudia humo, liwe "bora", "asili" au "fresh", liweke kando. Halafu fungua orodha za maneno: ubaridi, asubuhi, malisho, vyombo, weupe, ukali wa ladha. Jaza hadi majina 200 au 300, na usihukumu lolote bado. Hamsini ya mwanzo ni yale ambayo yeyote angeyafikiria, na mengi yameshachukuliwa. Kazi yenyewe huanzia hapo: kuunganisha, kukata, kubadili silabi. Mahakama ya Marekani ilipokataa kuilinda namba 386, jina la chipu ya kompyuta ya kampuni ya Intel, kama alama ya biashara, Intel iliona kizazi cha tano cha chipu zake hakiwezi kuitwa 586. Ikaenda kwa Lexicon Branding, kampuni ya kutunga majina ya California, likatoka Pentium: "pente", yaani tano kwa Kigiriki, pamoja na mkia kama wa sodium.

Sasa chuja. Sheria za Tanzania na Kenya hazipendi alama inayotaja sifa ya bidhaa moja kwa moja, wala jina la mahali kwa maana yake ya kawaida. "Mtindi Mzito" na "Maziwa Iringa" yanaondoka hapo hapo, na bahati mbaya ndiyo wateja hupenda kuliko yote. Jina la kubuni tupu, kama Kodak, chapa ya kamera ya George Eastman mwaka 1888, lina ulinzi mkubwa, ila litakula pesa za matangazo mpaka watu walizoee. Kwa mfuko mdogo, jina linalodokeza ndilo lenye faida. Kipupwe, kwa mfano, linaleta baridi ya Juni na Julai bila kutaja maziwa.

Baada ya sheria, sikio. Wapigie simu watu kumi, litaje jina mara moja tu ndani ya sentensi, kisha waombe wakuandikie kwa SMS. Wakikosea watatu, liache. L na r ndizo zinazoangusha majina mengi: "Lorela" litarudi likiwa Rorela, Lolela na Rolela, na anayelitafuta mtandaoni hatakupata. Th na dh nazo wengi huzitamka s na z. Kisha nenda dukani ukaagize kwa sauti. Je, mteja atasema "nipe Kipupwe mbili" au "viwili"? Atasema mbili, basi na matangazo yaseme hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Maana za pembeni haziko kwenye kamusi. "Kibuyu" linaonekana zuri kwa maziwa, lakini wapo watakaomkumbuka mganga. Uliza wazungumzaji wa lugha za kila soko unaloliendea, na vijana wa mtaani pia, maana Sheng, lugha ya mitaani ya Kenya, hubadilika haraka.

Yakibaki kumi na tano hivi, ingia kwenye daftari la alama za biashara. Kila upande una wakala wake wa usajili: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI, na ulinzi wa mmoja hauvuki mpaka. Tafuta yanayofanana kwa sauti pia, si kwa herufi tu. Mtindi uko daraja la 29 kati ya madaraja 45 ya kimataifa ya bidhaa na huduma. Aiskrimu iko la 30, kwa hiyo anayepanga kuiuza baadaye aombe yote mawili. Kosa la kila siku ni kusajili jina la biashara na kudhani umelinda chapa. Huo ni usajili mwingine kabisa.

Mpelekee mteja majina matatu, yasizidi matano, kila moja likiwa limechapwa kwenye kikopo cha mtindi kwa ukubwa wake halisi. Usiyaweke kwenye kundi la WhatsApp yapigiwe kura: hushinda lisilomkera mtu, nalo ndilo husahaulika mapema. Yapimwe kwa ule ukurasa uliosainiwa.

Likichaguliwa, peleka maombi siku hiyo hiyo, nunua .co.tz na .co.ke, na chukua akaunti za mitandao kabla ya kulitangaza. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kenya ni 10 tangu mwanzo.