Jinsi ya kuomba utulivu kwenye boti yenye wageni wa lugha mbalimbali

Mimi huongoza wageni kwa boti kutoka Mwanza mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Safari ni fupi na watu wanaongea kwa furaha, lakini maelekezo ya jaketi okozi lazima yamfikie kila mmoja.

Hatua ya 1: Salimia kwanza. Mzee wa Kisukuma mpe "mwangaluka" asubuhi, au "mwadila" jua likishapanda. Akiitikia, endelea kwa Kiswahili. Hatua hii usiiruke hata mkiwa mmechelewa, kwa sababu aliyesalimiwa vizuri ni mwepesi kukusikiliza.

Hatua ya 2: Omba, usiamrishe. "Nyamazeni!" wanaambiwa watoto, kwa watu wazima ni kuwavunjia heshima. Sema: "Jamani, naomba tusikilizane kidogo." Kama ni mmoja tu anayeongea na simu, usimpazie sauti mbele ya wenzake. Sogea, inama kidogo: "Samahani mama, naomba upunguze sauti, tunatoa maelekezo."

Hatua ya 3: Jifunze kauli za majirani, kwa umbo la watu wengi.
Kiganda: "Mwattu, musirikeko." Hiyo "-ko" mwishoni ndiyo inayolainisha.
Kijaluo: "Asayou, ling'uru."
Kinyarwanda: "Ndabasaba guceceka gato."

Hatua ya 4: Za mbali, moja moja inatosha. Mfaransa mwambie "Un peu de silence, s'il vous plaît". "Tais-toi" iache kabisa, ni kali. Mjerumani: "Bitte leise." Kwa Kiingereza, "May I have your attention, please?" Ile "shut up" ya kwenye filamu usiithubutu.

Hatua ya 5: Mkubaliane ishara kabla ya kung'oa nanga, maana injini ikinguruma hakuna lugha itakayosikika. Mimi hunyoosha kiganja juu, kisha kidole mdomoni. Mkikaribia mawe, zima injini na utoe ishara. Pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye miamba, huwa wamejilaza juu ya jiwe wakiota jua. Kelele moja tu, wote wameingia kwenye nyufa, na mgeni aliyetoka mbali anabaki kupiga picha za mawe matupu.

Hatua ya 6: Wakitulia, anza kuongea papo hapo, na ufupishe. Ukimaliza, shukuru kwa lugha ileile uliyoombea: "mweebale," "erokamano," "murakoze," "merci."