Kibodi isiyo na waya imegoma kwenye Linux? Pita hapa kwanza kabla hujapiga Windows

Wanandugu, hapa Unguja naletewa sana laptopu za Ubuntu na Mint (aina za Linux hizo), mwenyewe keshaambiwa na fundi wa mtaani ati Linux haielewani na kibodi za Bluetooth basi apige Windows yaishe. Yakhe subiri. Mara nyingi tatizo ni dogo tu ila watu wanaliparamia katikati, wanabonyeza huku na huku mpaka wanalikoroga zaidi. Anza nje uingie ndani. Na uwe na kibodi nyengine inayofanya kazi, ya laptopu yenyewe au ya waya ya kuazima.

1. Jua unayo ya aina gani

Ikiwa ilikuja na kidude kidogo cha kuchomeka USB basi hiyo kwa kawaida inapita kwenye kidude chake, si Bluetooth, hata ukihangaika na setingi za Bluetooth mpaka Iddi hutoiona (zipo zenye njia zote mbili, angalia swichi chini). Chomeka kidude, fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri), andika `lsusb`, kikitokea kwenye orodha basi kompyuta imekiona. Kama herufi zinaruka au zinachelewa kihamishe tundu, maana kinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz na tundu za USB 3 zikiwa na hadidiski ya nje zinatoa makelele kwenye masafa hayohayo, Intel wenyewe walitoa waraka juu ya jambo hili 2012. Waya mfupi wa kurefusha USB unasaidia sana. Za Logitech weka programu ya Solaar, itakuonesha mpaka chaji iliyobaki.

2. Betri

Usicheke. Fungua kifuniko uangalie springi. Huku kwetu hewa ya chumvi haibakishi kitu, utakuta kutu ya kijani au unga mweupe wa betri iliyovuja, umetia betri mpya kabisa lakini umeme haupiti. Pamba na siki kidogo, sugua, acha ikauke vizuri.

3. Bluetooth yenyewe iko hai?

`rfkill list`

Ukiona `Soft blocked: yes` andika `sudo rfkill unblock bluetooth`. Ikiwa ni `Hard blocked: yes` tafuta swichi au kitufe kwenye laptopu, amri haisaidii hapo. Halafu:

`systemctl status bluetooth`

Inatakiwa isome `active (running)`. Ikiwa imelala: `sudo systemctl enable --now bluetooth`. Ukiombwa paswedi pengine hutoona hata nukta ikitokea, usishtuke, andika tu ubonyeze Enter.

4. Futa uoanishe (pair) upya

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea kwa kutegemea yale madirisha ya setingi ambayo yanakwambia "imeshindikana" na hayasemi kwa nini. Fungua terminali:

`bluetoothctl`
`devices`

Kibodi yako ikiwemo kwenye orodha ifute kwanza, `remove` ufuatishe ile anwani yake yenye nukta mbilimbili. Usiogope kuifuta. Sasa ushikilie kitufe cha kuoanisha kwenye kibodi mpaka taa ianze kupepesa kwa haraka, kisha:

`power on`
`scan on`

Subiri jina litokee, nakili anwani, halafu moja moja:

`pair ANWANI`
`trust ANWANI`
`connect ANWANI`

Kwenye `pair` zinaweza kutokea namba 6. Hizo ziandike kwenye hiyohiyo kibodi ngeni, si ya laptopu, kisha Enter. Kwenye skrini pengine hutoona kinachoandikwa na mtu anadhani haifanyi kazi anaacha, muda unapita, inakataa. Andika tu. Na `trust` usiiruke, bila hiyo leo itashika na kesho ukiwasha kompyuta inakutazama tu. Ukimaliza `scan off` na `exit`.

5. Inashika halafu inakatika

Kama inakatika ukiiacha dakika chache, jaribu kuzuia kompyuta isilaze Bluetooth:

`echo "options btusb enable_autosuspend=n" | sudo tee /etc/modprobe.d/btusb.conf`

Zima uwashe. Betri ya laptopu italika kidogo zaidi.

Ikiwa ilikufa mara tu baada ya apdeti, andika `journalctl -u bluetooth -e` utafute neno `!bonded`. Desemba 2023 lilitangazwa tundu la usalama, nambari yake CVE-2023-45866, mtu aliye karibu yako aliweza kuunganisha kibodi ya uongo bila ridhaa yako na kukuandikia amri. Lilipozibwa, kibodi zilizokuwa zimeoanishwa nusunusu zikakataliwa. Kuna watakaokwambia uweke `ClassicBondedOnly=false` kwenye setingi za Bluetooth. Usiweke, huko ni kulifungua tundu upya, rudia hatua ya 4 inatosha.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja: ukioanisha upande mmoja ufunguo wa kuoanisha wa upande wa pili unakuwa haufai tena, kwa sababu kibodi inaona kompyuta ni ileile. Kibodi zenye vitufe vya 1, 2, 3 vya kuchagua kifaa cha kuunganisha zinakuokoa hapo, 1 iwe Windows na 2 iwe Linux.

Na kama diski yako imefungwa kwa paswedi wakati wa kuwasha, kwa kawaida kibodi ya Bluetooth haitafanya kazi kwenye ile skrini kwani Bluetooth yenyewe bado haijaamka. Ya kidude inafanya, ya waya pia.