Kuotesha ua la Usambara kwa jani moja

Mteja akilikuta ua hili kitaluni kwangu, swali la kwanza huwa: "Hili ni la Ulaya?" Hapana, ndugu yangu. Kwao ni kwenye miamba ya Usambara, Nguru na Uluguru, na ng'ambo ya mpaka kwenye milima ya Taita na maeneo machache ya pwani ya Kenya. Ulaya lilipelekwa mwaka 1892, wakati mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipolituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kuienzi familia hiyo. Wajerumani mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, yaani "vayoleti ya Usambara". Wao waliolichukua wanataja asili yake kila wanapoliita, na sisi wenyewe tunaliuliza limetoka wapi. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika hapa namna ya kulirudisha nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Jua linavyoishi porini

Ukipanda hadi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, tembea kandokando ya kijito chini ya miti mikubwa, kisha tazama nyufa za mawe upande wenye kivuli. Utaona majani mviringo yenye manyoya laini, yamebana kwenye jiwe, na katikati yake maua madogo ya zambarau. Udongo wake wote ni kiganja kimoja cha majani yaliyooza pamoja na kuvumwani ya mawe. Maji yanapita, hayatuami. Jua linafika likiwa limeshachujwa na matawi. Matunzo yote nitakayoeleza yanatoka hapo. Mti wa juu ukikatwa, jua likipiga lile jiwe, ua halina pa kukimbilia.

Kwa hiyo usiling'oe msituni hata moja. Aina nyingine zinaishi kwenye miamba michache tu duniani. Omba jani kwa mtu anayelifuga, au nunua mche kitaluni.

Hatua ya 2: Chagua jani na ulikate

Acha majani ya chini kabisa, yamezeeka. Acha na yale madogo ya katikati. Chukua la safu ya kati, gumu kidogo, la kijani kizuri. Kwa wembe mpya, kata kikonyo kibaki kama sentimita 3, ukate kwa mshazari. Vichipukizi vitatokea kwenye hilo jeraha, kwa hiyo lisipondeke.

Hatua ya 3: Changanya udongo

Mimi natumia sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji ya majani iliyochekechwa, na sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni. Makumbi ya pwani yana chumvi: yaloweke na kuyasuuza mara tatu kabla ya kuyatumia. Ukiufinyanga mchanganyiko mkononi, ushikane, kisha uvunjike ukiugusa kwa kidole. Udongo mwekundu wa shambani usiutumie peke yake, unashikana kama tofali na mizizi inaoza.

Hatua ya 4: Panda na ufunike

Toboa kopo dogo chini, jaza mchanganyiko, chomeka kikonyo hadi karibu na jani. Nyunyiza maji kidogo, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka pasipopigwa na jua. Fungua kifuniko cha chupa dakika chache kila siku hewa ipite.

Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne. Vimche vyenyewe, vidogo kama masikio ya panya, huchomoza baada ya miezi miwili hadi mitatu. Usifukue kuchungulia! Jani likiwa bado limesimama na halijalainika, kazi inaendelea chini.

Hatua ya 5: Tenganisha

Vimche vikifika sentimita 3 hivi, mwaga kopo taratibu na uvitenganishe kwa vidole, kila kimoja na mizizi yake. Jani moja hunipa vitatu, vinne, wakati mwingine zaidi. Kila kimoja kipe chungu kidogo, kipenyo sentimita 7 zinatosha. Chungu kikubwa kinabaki na maji mengi ambayo mizizi haiyamalizi.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ndipo wengi wanaliua. Mwaka wangu wa pili nilimwagilia miche kama arobaini kwa maji baridi ya mtungini, juu ya majani, mchana wa joto. Siku chache baadaye kila jani lilikuwa na duara nyeupe zenye umanjano, na alama hizo hazikufutika mpaka majani yale yakaanguka. Tangu hapo naweka maji ndani mpaka yafikie joto sawa na la chumba, nayamimina kwenye sahani chini ya chungu, nasubiri nusu saa, kisha namwaga yaliyobaki. Narudia tu udongo wa juu ukishakauka.

Hatua ya 7: Mwanga na chakula

Dirisha la mashariki ndilo bora. Jua la asubuhi kidogo sawa, la saa sita hapana. Likikosa mwanga, vikonyo vinarefuka na maua hayaji. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki mbili. Ukiona pamba nyeupe kwenye maungio ya majani, hao ni vidung'ata: wafute kwa pamba yenye spiriti na utenge chungu hicho.

Ua la kwanza nalitegemea kati ya mwezi wa sita na wa tisa tangu kuchomeka jani. Likifunguka, lisogeze karibu na macho. Utaona vifuko viwili vya manjano vya chavua, na ubavuni kijiti chembamba kilichopinda, ndicho kinachopokea chavua. Kwenye ua moja kimepinda kushoto, kwenye jingine la mche huohuo kulia. Porini nyuki hushika vile vifuko na kuvuma mpaka chavua imwagike tumboni mwake, kisha kijiti cha ua jingine, kilichopinda upande wa pili, humpapasa palepale ilipoangukia.