Jinsi ya kuchora abstrakti yenye mistari na bado mkono wako uonekane

Wengi tukianza abstrakti, yaani picha isiyoonyesha kitu halisi bali mistari, maumbo na rangi, tunaangukia upande mmoja, ama unapiga rula na tepu mpaka picha inakuwa kama ramani ya nyumba, ama unamwaga tu rangi. Mi kilichonifungua macho ni picha za Richard Diebenkorn, Mmarekani wa California, hasa mfululizo wake uitwao Ocean Park, jina la mtaa, aliouanza 1967 kule Santa Monica, ziko zaidi ya 130. Kwa mbali ni mistari na vipande vya rangi tu, ukisogea karibu unakuta mistari aliyoifunika bado inachungulia chini ya rangi.

Sasa fanya hivi. Chukua mkaa wa kuchorea, gawa turubai kwa mistari mirefu michache, ya kusimama, ya kulala na mmoja wa mshazari, bila rula, mkono ukiyumba acha uyumbe. Vipande vidogo visogeze juu karibu na ukingo, chini kote pabaki pana na patulivu, kwenye picha za Diebenkorn utaona alifanya hivyo mara nyingi. Kisha paka rangi iliyozimuliwa, ukianza tumia akriliki, ile rangi ya kuzimua kwa maji, maana inakauka haraka.

Ikikauka, tafuta mstari uliokaa vibaya. Usiukwangue! Upitishie rangi nyembamba, nyeupe au bluu iliyopauka, mwingine uchore pembeni, ule wa kwanza ubaki unaonekana kwa mbaali. Mkaa ukichafua nyeupe ikawa kijivu ni sawa kabisa, hiyo kijivu huwezi kuichanganya kwenye kisahani. Rudia hata mara 10, hapa ndo picha inapopatikana kwa kweli, kila sahihisho linaacha kitu.

Saizi nayo ina maana. Picha nyingi za Ocean Park zina urefu wa kama mita 2 na nusu, ukichora kwenye A4 kinachocheza ni kifundo cha mkono tu, unganisha manila 4 ubandike ukutani uchore toka begani.

Na ukikwama rudi kwenye vitu vya kweli. Diebenkorn mwenyewe mwaka 1955, abstrakti zake zishajulikana, aliziacha akachora watu, viti na madirisha kama miaka 12 hivi, na ukiangalia Ocean Park vizuri yale madirisha bado yamo. Kwa hiyo chora dirisha lako, nondo zake, pazia, kivuli kinavyokata sakafu, halafu chora tena ukiondoa kitu kimoja kila mara mpaka ibaki mistari mitatu minne, hiyo ndo uipeleke kwenye turubai.