Kufuatilia vifo vya bata bukini mwitu: anza na ndege wanaokula mizoga

Watu wengi wakisikia bukini wanakufa ziwani wanakimbilia kuhesabu mizoga. Mi nakwambia anza na wanaoila. Mzoga uliolala kwenye matete unaweza kuupita karibu kabisa usiuone, lakini kunguru watano wakishuka sehemu moja, wakaruka, wakarudi palepale, hiyo unaiona toka mbali na buti zako bado kavu. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye darubini, daftari na subira, kazi ya maabara tuwaachie wenye maabara.

Hatua ya 1: Jua nini kinaweza kuwa kinaua

Bukini wengi wakifa kwa mkupuo, sababu kubwa hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Mafua makali ya ndege ndo yanayosikika zaidi siku hizi. Ukoo wa virusi vinavyoyaleta, unaoitwa H5N1, ulitambuliwa kwa bata bukini wa kufugwa kule Guangdong, China, 1996, halafu 2005 ukaua ndege zaidi ya 6,000 kwenye Ziwa Qinghai, hukohuko China, wengi wao wale bukini wenye mistari myeusi kichwani. Majira ya baridi ya 2021/22 ikawa zamu ya Solway Firth, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, ambako bukini wenye uso mweupe wanaozaliana Svalbard, visiwa vya Norwe kule kaskazini kabisa, walikufa mpaka ikakadiriwa karibu theluthi moja ya kundi lote imekwenda. Ukiwatazama kwa darubini, mgonjwa wa mafua anapinda shingo, kichwa kinatetemeka, anaogelea kwa kuzunguka mduara, na saa zingine jicho linakuwa na ukungu mweupe.

Kipindupindu cha ndege kinaletwa na bakteria, Pasteurella multocida, na hakina undugu na kipindupindu cha binadamu. Chenyewe kina haraka ya ajabu: bukini mnene mwenye afya nzuri asubuhi, mchana amekufa, wengine wanadondoka kabisa wakiwa wanaruka. Bukini weupe wa Amerika Kaskazini ndo wahanga wake wakubwa, hasa mwishoni mwa baridi na mwanzo wa safari ya kurudi kaskazini wanapobanana kwenye madimbwi machache.

Botulizimu ni sumu, inapenda joto na maji yaliyotuama, na dalili yake ni kulegea: mabawa hayanyanyuki, shingo inashindwa kubeba kichwa, ndege anazama na kufa maji. Halafu kuna sumu ya risasi, yaani madini yenyewe, bukini anameza vipande vya risasi za wawindaji akitafuta changarawe. Huyu anakonda polepole, mabawa yanamning'inia kama paa la nyumba, na manyoya ya chini ya mkia yana rangi ya kijani. Marekani walipiga marufuku risasi za madini hayo kwenye uwindaji wa ndege wa maji mwaka 1991 ila zilizozama kwenye tope bado zipo.

Hutathibitisha kitu kwa macho, hilo lielewe mapema. Unachofanya ni kuandika dalili vizuri ili mwenye maabara ajue aanzie wapi.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama

Sehemu ya juu kidogo, jua likiwa mgongoni, umbali wa mita 200 hadi 300 au zaidi kama darubini yako ina nguvu na ina stendi. Kipimo cha umbali wanakupa bukini wenyewe: wakinyanyua shingo wote kwa pamoja umesogea mno, rudi nyuma taratibu. Na hili sio suala la adabu tu, manake kundi lenye ugonjwa ukilitimua linahamia bwawa la jirani na ugonjwa wake.

Mbwa abaki nyumbani.

Hatua ya 3: Pitisha jicho kwanza, kuhesabu baadaye

Fika alfajiri, wala mizoga wanaanza kazi mapema na mzoga wa usiku bado haujaburutwa. Kama ni pwani angalia pia maji kujaa na kupwa, manake maji yanahamisha mizoga na shakwe wanaifuata. Anza kushoto nenda kulia, polepole, halafu rudia kwa muda uleule kila mara, kwa mfano kila robo saa. Andika saa uliyoanza na uliyomaliza hata kama hujaona kitu. Siku ya sifuri ni data, usiiruke.

Hatua ya 4: Wasome wala mizoga

Hapa ndo penye utamu, kaa napo.

Kunguru mara nyingi ndo wa kwanza kugundua, lakini ni waoga, wanatua mbali, wanatembea kwa upande upande, wanadonoa mkia wa maiti na kuruka nyuma kuhakikisha kweli amekufa. Ukiona mchezo huo jua mzoga ni mpya. Ngozi ya bukini ni ngumu na manyoya ni mengi, kwa hiyo kunguru na shakwe wanaanzia panapopitika kirahisi, macho na sehemu ya haja. Wakifika tai wanapasua kifua, na wale wadogo wanakaa pembeni wakisubiri mlango ufunguliwe. Kwa hiyo ukimkuta tai katikati na kunguru wamemzunguka kwa umbali wa hatua chache, mezani pameshafunguliwa, na ukikuta shakwe tupu wanagombania vipande, mara nyingi sherehe inaelekea mwisho.

Andika kwa kila tukio: saa, aina ya ndege, wangapi kwa wakati mmoja, wanakula au wanasubiri, nani kamfukuza nani. Idadi iwe ile ya juu kabisa uliyoiona kwa mkupuo mmoja, usijumlishe asubuhi na mchana manake ni walewale wanazunguka. Tai unaweza kuwatenganisha kwa umri, tai wa Amerika mwenye kichwa cheupe huo weupe haupati mpaka afikishe kama miaka mitano, kabla ya hapo ana madoadoa ya kahawia, na kila mmoja madoa yake, kwa hiyo picha ya simu kupitia kioo cha darubini inasaidia sana hata kama imetoka na ukungu.

Kingine, tofautisha anayekula mzoga na anayewinda. Tai anayewinda anapita chinichini juu ya kundi, mara moja, mara mbili, bila kushambulia. Anapima. Anatafuta mdhaifu, na ana jicho la kumgundua mgonjwa kabla yako.

Hatua ya 5: Kundi likipaa, tazama chini

Tai akipita bukini wote wanapaa kwa kelele na kila mtu anapenda kuelekeza darubini angani, pazuri kweli lakini usifanye hivyo. Iache palepale chini. Aliyebaki amekaa wakati wenzake elfu wameondoka, huyo ni mgonjwa, au kavunjika bawa. Mhesabu, tazama shingo yake, tazama kama anajaribu kutembea, piga video fupi. Kuna siku dakika moja ya namna hiyo inakupa wagonjwa wengi kuliko asubuhi nzima ya kukagua kundi lililotulia.

Hatua ya 6: Soma mabaki

Bado kwa darubini au kwa kuzumu picha, sio kwa mikono. Mabawa mawili bado yameungana kwenye mifupa ya mabega, kifua kimesafishwa, mfupa wa kidari una vijipengo pembeni: hiyo ni kazi ya ndege. Mbweha anakata, utaona mashina ya manyoya yamekatwa vipande, kichwa hakipo, na mara nyingi mzoga umeburutwa mpaka kwenye kichaka. Manyoya yaliyong'olewa mazima na kutapakaa duara yanaonyesha ndege mwindaji alikaa hapo akinyonyoa.

Alama hizi zinasema nani kala, hazisemi nini kiliua. Bukini aliyeliwa na tai anaweza kuwa alikufa na mafua saa nyingi kabla, na watu wakiona damu wanafunga kesi haraka kwamba "ni tai tu huyo".

Hatua ya 7: Namba zako ni za chini, ziandike hivyohivyo

Wala mizoga wakiwa wengi mizoga inapotea, ndo kazi yao. Siku ambayo kunguru ni wengi na mizoga uliyoona ni miwili, usiandike kwamba ugonjwa umepungua. Weka safu tofauti kwenye daftari: mizoga mizima, mizoga iliyoliwa, wagonjwa, wala mizoga kwa aina. Mzoga mpya na wa zamani itenganishe kwa lokesheni uliyoweka kwenye ramani ya simu, usiende kuchomeka kijiti. Na kumbuka bukini mweupe aliyekufa anaonekana kilomita nzima wakati mwenye rangi ya udongo humuoni hata kwenye nyasi fupi, kwa hiyo usilinganishe aina hizo mbili kwa idadi ya mizoga pekee.

Hatua ya 8: Ripoti, na usafi

Ripoti kwa mamlaka ya mifugo au ya wanyamapori ya mahali ulipo siku hiyohiyo. Wape lokesheni, aina, idadi, dalili, picha, na wala mizoga waliokuwepo. Usiguse, usimbebe mgonjwa kwenye gari kwa huruma. Wenye kukusanya wana glavu, barakoa na mafunzo.

Ukirudi, brashi na maji kwanza kwenye buti mpaka tope lote liishe, ndo dawa ya kuua vijidudu ifuate, manake ukimimina dawa juu ya tope umeosha tope tu. Kwenye maji ya baridi virusi vya mafua vinaweza kukaa wiki kadhaa, kwa hiyo kama unafuga kuku usiende bandani na buti hizo wala nguo hizo.

Hatua ya 9: Endelea na waliokula

Bukini wakishahama watu wanafunga daftari, na hapo ndo nusu ya pili inaanza. Mla mzoga anakula na ugonjwa wake. Mwaka 2022 tai wenye kichwa cheupe walikufa kwa H5N1 Marekani na viota vingi vya pwani ya Georgia na Florida vikashindwa kukuza makinda, na 2023 virusi hivyohivyo viliua kondori 21 wa California, tumbusi wakubwa wala mizoga, kwenye kundi la Arizona na Utah, ndege ambao dunia nzima wako mia chache tu.

Kwa hiyo rudi pale pale kwa wiki kadhaa. Angalia tai anayekaa chini asubuhi nzima bila kuruka, kunguru anayetikisa kichwa, kiota chenye mzazi mmoja. Tai mlegevu anaweza pia kuwa na sumu ya risasi aliyoila ndani ya bukini aliyejeruhiwa na mwindaji, na kwa mbali huwezi kuzitenganisha, kwa hiyo andika tu ulichoona na upeleke ripoti nyingine, ukitaja kwamba ni eneo lilelile la vifo vya bukini na tarehe ya vifo hivyo.