Jinsi ya kufikisha nyama ya mawindo nyumbani ikiwa freshi, hata kama safari ni ya siku kadhaa

Watu wengi wakipanga safari ya kuwinda mbali wanawaza mafuta, tairi la akiba, risasi, chakula cha njiani, afu nyama yenyewe wanaiachia barafu ipambane nayo. Sasa barafu haina huo ubavu. Kazi ya barafu ni kutunza nyama ambayo tayari imepoa, ukiitupia nyama ya moto inaisha haraka na katikati ya paja bado kuna joto kama mnyama kafa sasa hivi, kwaiyo sehemu kubwa ya kazi ya kutunza nyama inafanyika porini kabla hata hujaiona gari.

Hesabu yake iko hivi, wala sio ngumu. Tuseme una nyama kilo 40 iliyotoka tu kwa mnyama, ina nyuzi 35 hivi za selsiasi, unataka ishuke mpaka 3. Kila kilo ya nyama inatoa kama kilojuli 3.5 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inameza kilojuli 334. Ukipiga unapata karibu kilo 13 za barafu zimeyeyuka kwa kupoza tu, safari hujaanza, na hapo sijaweka joto linalopenya kutoka nje wala la kila mara mtu anapofungua kifuniko cha deli, yaani lile boksi la kutunzia baridi. Ila nyama hiyohiyo ikilala usiku kwenye upepo wa baridi ikashuka mpaka nyuzi 15, barafu ya kuimalizia ni kama kilo 5. Tofauti yote hiyo umeipata bure, kwa upepo.

Na sababu ya kukimbilia kupoza ni bakteria, manake kati ya nyuzi 4 na 60 ndo wanajimwaga, wakipata joto na unyevu wanaoupenda wanaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Nyama ya mawindo nayo inaanza safari ikiwa na matope, manyoya na damu, haijapita machinjio safi, kwaiyo haina muda wa kuchezea.

Mnyama akishaanguka na umehakikisha kafa, anza na tumbo. Pasua juujuu, vidole viwili viinue ngozi kisu kisiguse matumbo wala kibofu, toa kila kitu mpaka koromeo huko juu shingoni, wengi wanalisahau hilo na shingo ndo inaanza kunuka. Tanua mbavu kwa kijiti upepo uingie. Kama matumbo yamepasuka au risasi imepita vibaya, usianze kumwagia maji ya dimbwi ukadhani unasafisha, hapo unaongeza wadudu, kata hiyo nyama iliyochafuka utupe, ukiosha basi osha kwa maji safi ya kunywa na uikaushe kabisa kwa kitambaa.

Ngozi ni blanketi, kama hewa ina joto itoe mapema. Kuna wanaopenda kuiacha ngozi ili nyama isishike vumbi, sawa, kwenye baridi kali hiyo inakubalika, lakini kwenye joto mi sioni sababu. Afu gawanya: mapaja, mikono, shingo, mbavu, sarara na nyama ya mgongoni. Pale paja linapoungana na nyonga ndo pa kuogopa kuliko pote, nyama ni nene, mfupa umebeba joto, unaweza ukawa na paja zuri kwa nje, limekauka vizuri, ukikata ndani kuzunguka mfupa unakuta kijani na harufu ya uchachu. Ukiwa na paja kubwa na jua linawaka, chana kufuata mfupa mpaka uuone ili joto litoke, au toa mfupa kabisa.

Hapa kuna ubishi kidogo. Nyama inatakiwa ikakamae na kulegea yenyewe ikiwa bado iko kwenye mfupa, kwa mnyama mkubwa ni kama saa 12 mpaka 24, ukiitoa mfupa au kuipiga baridi kali kabla ya hapo misuli inajikunja na nyama inakuwa ngumu. Ukiigandisha kabisa kabla haijakakamaa ndo mbaya zaidi, siku ya kuiyeyusha inajivuta na kutoa maji mengi, kutafuna ni shughuli. Hiyo ni kweli, ila joto likiwa kubwa mi nachagua nyama ngumu, hiyo utaichemsha taratibu italainika, iliyooza huna la kuifanya.

Vipande viweke kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, hata foronya safi za pamba zinatosha, vining'inize kivulini visigusane. Usiweke nyama ya moto kwenye nailoni! Inatoa jasho, jasho halina pa kwenda, na muda mfupi tu imeanza utelezi. Nje ikikauka na kufanya kigamba cheusi usiogope, kigamba hicho ni kinga, utakikwangua nyumbani. Nzi nao ni habari nyingine, mayai yao yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, kwaiyo mfuko ufungwe juu kisawasawa, na kuna wanaopulizia asidi ya sitriki, kama gramu 60 kwenye lita moja ya maji, inafanya juu ya nyama pawe pachachu na bakteria hawapapendi. Ini na moyo vitenge, viliwe kwanza.

Sasa deli. Usiku wa kabla ya safari liweke barafu au chupa za maji yaliyoganda humo ndani lipoe lenyewe, deli lililokaa juani linakula barafu yako kabla ya nyama. Barafu ya bonge inakaa muda mrefu, ya vipande vidogo inapoza haraka ila inaisha haraka, ukiweza changanya. Mimi napendelea chupa za plastiki zilizogandishwa (usizijaze mpaka juu, zitapasuka) kwa sababu zikiyeyuka maji yanabaki ndani na unaweza kuyanywa, na nyama haiogelei. Hilo la kuogelea ni kubwa, nyama ikikaa kwenye maji ya damu inapauka, inapoteza ladha na wadudu wanasambaa kote. Kama ni barafu ya wazi, weka kichanja au wavu chini, nyama juu yake, barafu nyingine juu ya nyama kwa kuwa hewa baridi inashuka, na kizibo cha chini kiache wazi deli likiwa limeinama kidogo. Pengo likibaki lijaze, hata kwa magazeti.

Soda na maji ya kunywa viwe na deli lao. Sitanii, la nyama likifunguliwa kila baada ya nusu saa mtu anatafuta soda, hakuna barafu itakayotosha. Weka kipimajoto chenye waya, kisome nje bila kufungua, kikipita 4 simama utafute barafu.

Kwenye gari deli lisikae juu ya kariea juani, wala juu ya sakafu inayopata moto wa ekzosi. Lifunike na blanketi au turubai la rangi nyeupe. Mkilala njiani na usiku una baridi kavu unaweza kuitoa nyama na kuining'iniza ipate upepo, uirudishe kabla ya jua, ila iwe mahali fisi na mbwa hawafiki.

Barafu kavu ni nzuri sana kwa safari ndefu, iko kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, lakini haiyeyuki, inageuka gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ikijaa ndani ya gari iliyofungwa vioo inaweza kuua, kwaiyo acha dirisha wazi na asilale mtu humo. Deli lisizibwe kabisa, litapasuka. Shika kwa glovu nene, ifunge kwenye magazeti iweke juu ya nyama, na nyama iwe imeshapita kukakamaa kwa sababu itaigandisha.

Friji za gari nazo zipo, chukua yenye kompresa na inayojizima betri ikishuka, ila ni za kutunza baridi tu, kilo 40 za moto zitaishinda.

Ndege na sungura wanapoa haraka kwa udogo wao, mradi uwatoe matumbo mapema na usiwarundike kwenye kiroba kimoja wangali moto. Sungura mchune na glovu, ana magonjwa yanayoingia kupitia mikwaruzo. Nguruwe pori usitegemee friza imalize minyoo, ipike mpaka ndani ifike nyuzi 71.

Kabla hujatoa mifupa soma kibali chako, sehemu nyingine wanataka ushahidi wa jinsia ubaki umeshikana na nyama mpaka ufike, na sehemu nyingine hawaruhusu kabisa kuvuka na ubongo au uti wa mgongo.

Ukifika, fungua kila paja unuse kwenye mfupa. Penye uchachu, utelezi au ukijani kata na utupe, mafuta ya mnyama pori pia punguza maana yanachacha hata kwenye friza. Usijaze friza mafurushi yote kwa mpigo, yapange yakiwa na nafasi katikati, yakishaganda ndo uyabananishe.