Somo: Kwenda Maporomoko ya Murchison kwa ndege na kurudi Kampala siku hiyo hiyo

Mama yangu alipanda basi la Arua kwenda Kampala kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila likifika Karuma alisogea dirishani kutazama Nile ikitoa povu juu ya mawe, akiamini hayo ndiyo maporomoko aliyosomeshwa shuleni. Kumbe yale yenyewe yako mbele zaidi, ndani ya hifadhi, na hakuwahi kuyafikia mpaka akawa na miaka 68, goti moja bovu, na saa sita za gari kwenda na nyingine sita kurudi haziwezi tena. Tulimpeleka kwa ndege. Asubuhi tulitoka Kampala, jioni akala ugali nyumbani kwake. Tangu siku ile nimeipanga safari hiyo mara nne kwa kikundi chetu cha akiba, na maswali ni yale yale kila mara. Nimeyaweka yote hapa.

Tuanze na ramani, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Nile ikitoka Ziwa Victoria pale Jinja hupita Ziwa Kyoga, hupita Karuma, halafu hubanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Ikishaanguka hutulia na kwenda taratibu hadi Ziwa Albert. Samuel Baker aliyapa maporomoko hayo jina la Murchison mwaka 1864, kumuenzi rais wa jumuiya ya wanajiografia ya Uingereza. Enzi za Amin yaliitwa Kabalega, kwa jina la Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro, na mama yangu mpaka leo anasema Kabalega. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1952, ina kilomita za mraba 3,840 hivi, na ndiyo kubwa kuliko zote Uganda. Mto unaikata pande mbili, kusini na kaskazini. Hilo la pande mbili lishike vizuri, nitalirudia.

Hatua ya kwanza: panga kuanzia saa ya kurudi

Watu hupanga safari kuanzia asubuhi. Kwa safari ya ndege ya siku moja, anza na saa ya kuondoka hifadhini kisha urudi nyuma. Viwanja vya ndege vya mle ndani ni vya changarawe na havina taa. Giza likiingia hakuna kuruka, na jua kwetu huzama karibu na saa moja jioni. Usidhani basi una mpaka saa kumi na mbili. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba, mawingu mazito hujikusanya mchana na kupasuka alasiri, na ndege ndogo haipiti katikati ya radi. Rubani atasubiri. Akisubiri saa mbili, jua nalo linashuka, na hapo mmelala huko bila mswaki.

Kwa hiyo mimi naweka kuruka saa tisa na nusu alasiri, basi. Ikitokea mvua, bado tuna nafasi ya kungoja. Isipotokea, tuko nyumbani kabla ya foleni ya Entebbe Road kukaza.

Hatua ya pili: kodi ndege nzima

Kuna ndege za ratiba zinazotoka Entebbe asubuhi kwenda hifadhini, nazo ni nzuri kwa anayelala huko. Kwa kwenda na kurudi siku moja hazikufai sana, kwa sababu ndege hupita kiwanja hiki na kile ikishusha na kuchukua wageni, na saa zake si zako. Kikundi kikodi ndege nzima, iwasubiri kiwanjani hadi mmalize. Nyingi za kukodi huruka kutoka Kajjansi, pale pale kando ya barabara ya Entebbe, na hilo peke yake hupunguza safari ya asubuhi kwa watu wa Kampala.

Ndege mbili utakazotajiwa sana ni Cessna 206, inayochukua abiria watano na rubani, na Cessna Caravan inayochukua kumi au zaidi kidogo. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 250. Caravan hutumia chini kidogo ya saa moja, 206 hupita saa kidogo. Bei ni ya ndege, si ya kiti. Kiti kimoja kikibaki wazi, gharama yake inawaangukia waliobaki. Kwa hiyo sisi hatulipii ndege mpaka kila mtu awe ameweka fedha yake yote, na anayejitoa dakika za mwisho hutafuta mwenyewe wa kuziba nafasi yake. Uliza pia mapema malipo ya ndege kusubiri kiwanjani. Yapo, na usipouliza yatakuja kwenye hesabu ya mwisho.

Hatua ya tatu: kiwanja gani, na gari liko upande gani

Hapa ndipo nilipoumia. Safari ya pili, kabla daraja la kuvuka Nile pale Paraa, ndani ya hifadhi, halijajengwa, wakala aliyetupangia aliniambia gari litatusubiri "kiwanjani". Sikuuliza kiwanja kipi. Rubani akatushusha Bugungu, upande wa kusini. Gari lilikuwa Pakuba, upande wa kaskazini, dereva amekaa chini ya mti anatungoja sisi. Kati yetu kulikuwa na Nile, na kivuko kilichovuka kwa saa zake maalumu. Tulikaa chini ya kibanda cha makuti saa mbili na nusu, akina mama wanane na kikapu cha mayai ya kuchemsha, tukiisikia boti yetu kwenye simu ikisema haiwezi kungoja zaidi. Siku ile hatukuona maporomoko kwa karibu. Mmoja wetu alikuwa ameweka akiba miezi kumi na minne. Uso wake ninauona mpaka leo.

Siku hizi daraja lipo na barabara ya lami imepita katikati ya hifadhi, kwa hiyo kosa kama lile litakula muda, halitaua siku. Hata hivyo andika kwa maandishi: jina la kiwanja, upande wa mto, jina la dereva na namba yake. Halafu jioni ya kuamkia safari mpigie dereva mwenyewe, usimpigie wakala, umwambie akusomee jina la kiwanja. Kwa safari ya maporomoko mimi huchagua Bugungu, kwa kuwa juu ya maporomoko kunafikiwa kwa gari kutokea kusini. Wanaotaka zaidi twiga, tembo na simba waombe Pakuba, maana wanyama wengi wako kaskazini.

Hatua ya nne: boti

Boti za kawaida kutoka Paraa huondoka saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na safari huchukua kama saa tatu. Piga hesabu uone: ya asubuhi hamuiwahi, na ya mchana inawarudisha saa kumi na moja, wakati ndege inatakiwa iwe imeshafika Kajjansi. Hakuna inayokufaa. Kikundi kikodi boti yake ya saa tatu asubuhi. Ni ghali zaidi, najua, lakini ukibania hapa utakuwa umelipia ndege bure.

Siku yenyewe huenda hivi. Saa kumi na mbili na robo mko Kajjansi, saa moja mnaruka, saa mbili mnatua. Saa tatu boti inaanza kupanda mto, kilomita 17 hivi, viboko wamejaa pembeni, mamba wamelala vinywa wazi, na kwenye kingo za udongo kuna matundu ya keremkerem wenye koo jekundu wakiingia na kutoka kama nyuki. Karibu na saa nne na nusu mnafika chini ya maporomoko. Boti haisogei mpaka kwenye maji yanayoanguka, husimama mbali kidogo, povu linakuja likielea kama sabuni. Wenye miguu hushuka hapo na kupanda kwa njia ya milima hadi juu wakiongozwa na askari wa hifadhi, dakika 45 hadi saa nzima, jua kali. Wasioweza hurudi na boti, na gari linawazungusha hadi juu kwa barabara. Mnakutana juu saa sita hivi. Saa saba na nusu chakula, saa tisa kiwanjani.

Hatua ya tano: mizani

Kajjansi kila mtu hupanda mizani, na begi lake, na uzito huandikwa. Wapo wanaoona haya. Mwambieni kila mtu nyumbani kabla, ili asije akakasirika mbele ya watu. Rubani hatafuti kumwaibisha mtu. Mara nyingi hubeba mafuta ya kwenda na kurudi, na mchana hifadhini joto hufanya hewa iwe nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kuinuka. Kilo kumi za ziada asubuhi Kajjansi si kitu, alasiri Bugungu ni kitu. Begi moja laini, lisizidi kilo tano kwa safari ya siku moja. Maji, kofia, viatu vya kufunga, kitambulisho. Usivae nguo za buluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Ada ya hifadhi ilipeni mapema kwa kadi au kwa simu. Langoni hawapokei noti.

Maswali ya wanachama

Dada, mimi nachafuka moyo hata kwenye taksi ya Mukono. Nitaweza?

Utaweza, lakini kaa mbele karibu na mabawa, tazama mbali kwenye upeo, usitazame simu. Kula kidogo, chapati kavu na chai ya tangawizi, usije na tumbo tupu. Asubuhi hewa imetulia. Kurudi ndiko kunakorukaruka, kwa sababu ardhi imeshapata moto. Kama una dawa ya kuzuia kutapika, meza nusu saa kabla ya kuruka, siyo ukiwa hewani. Na kumbuka ndege hizi hazina choo.

Shangazi yangu ana miaka 74 na anatembelea fimbo. Kuna faida gani kumpeleka kama hawezi kupanda mlima?

Mpeleke. Mama yangu hakupanda. Alikwenda na gari hadi juu, akashuka ngazi chache polepole akinishika mkono, akasimama penye uzio. Pale juu ndipo penyewe. Mwamba unatetemeka chini ya nyayo, unausikia kwenye magoti kabla hujausikia masikioni, na mvuke unakulowesha uso. Pembeni utaona maporomoko mengine, yanaitwa Uhuru, yaliyojifungulia njia wakati wa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Mama alisimama kimya muda mrefu, kanga yake imelowa yote.

Nimesoma kwamba mwandishi Mmarekani alianguka na ndege huko huko. Ni salama kweli?

Ni Ernest Hemingway, Januari 1954. Ndege yake ilikuwa ikizunguka chini chini karibu na maporomoko, ikagonga waya wa zamani wa simu. Alipona na mkewe, wakachukuliwa kwa boti hadi Butiaba, na ndege iliyokuja kuwatoa pale nayo ikaungua ilipojaribu kuruka. Magazeti yakatangaza amekufa. Nakueleza yote hayo ili ufahamu kwa nini usimshurutishe rubani ashuke chini upige picha. Akikataa kuzunguka, amekataa. Akisema ukungu wa Kajjansi haujaondoka, tunakunywa chai. Abiria wakimharakisha rubani, mimi huwanyamazisha, hata kama wamenizidi umri.

Mwezi gani ni bora?

Juni na Julai naipenda zaidi. Desemba hadi Februari ni kukavu pia, lakini nyasi huchomwa, na moshi hufanya anga liwe kama maziwa, unapita Budongo bila kuuona msitu.

Naweza kuja na droni yangu?

Bila kibali cha mamlaka ya hifadhi, hapana. Iache nyumbani.

Kwa nini ndege ilipita chini juu ya kiwanja halafu ikapanda tena? Tulishtuka sana.

Ilikuwa inafukuza wanyama. Swala aina ya kob, yule wa kwenye nembo ya taifa, hupenda kusimama kwenye changarawe, na ngiri vile vile. Rubani hupita mara moja kwa kelele, wanakimbia, kisha anageuka kutua. Waambie wenzako kabla, wasianze kulia.

Tukae upande gani wa ndege?

Kwenda, kushoto utaona mashamba ya miwa ya Kinyara, kisha ardhi inakatika ghafla na Ziwa Albert linatandaza, milima ya Kongo nyuma yake. Kulia, mkiwa mnakaribia Bugungu, tazama mbali kwenye mto: utaona kitu cheupe kinapanda juu kama moshi wa jikoni. Kurudi, pande zinabadilika. Mama tulimpa kiti cha kushoto alasiri ile, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na ule mvuke mweupe ulipopotea nyuma ya bawa aliniuliza kama rubani anaweza kugeuka mara moja tu.